Mabaka Meupe Hayaambukizi: Kijitabu cha Kaya kuhusu Vitiligo

Saa moja asubuhi, kando ya foleni ya malori yanayosubiri kuvuka mpaka wa Tunduma kwenda Nakonde, mama lishe anachota supu. Vidole vyake vina mabaka meupe, na pembeni mwa mdomo kuna jingine dogo. Dereva anaitazama ile mikono, anasitasita, kisha anahamia meza ya jirani. Mwingine anakula, lakini wakati wa kulipa anaiweka noti mezani ili asimguse. Kinachowakimbiza ni mabaka ambayo hayawezi kuwadhuru hata kidogo.

Hali hiyo inaitwa vitiligo; wengine huijua kwa jina la mbalanga.

Ni nini hasa?

Ngozi ina seli zinazotengeneza rangi. Kwa mwenye vitiligo, kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupambana na vijidudu, inazigeukia seli hizo na kuziua. Zikishakufa, sehemu ile hubaki nyeupe kama maziwa, na hata nywele zinazoota hapo huweza kuwa nyeupe. Hakuna kijidudu, kwa hiyo hakuna cha kuambukiza: si kwa kupeana mikono, kula sinia moja, kulala kitanda kimoja, kunyonyesha, tendo la ndoa, wala kuvaa mitumba.

Inakadiriwa kuwa katika kila watu 200 duniani, mmoja au wawili wana vitiligo. Karibu nusu yao huanza kuiona kabla ya miaka 20. Weupe na weusi wanaipata sawa, ila kwetu huonekana zaidi kwa sababu ya rangi ya ngozi zetu. Huanzia mara nyingi kuzunguka macho na mdomo, kwenye vidole, viwiko, magoti au sehemu za siri. Pengine baka jipya hutokea palipokatwa, palipoungua au panaposuguliwa kila siku. Inaweza kujirudia ndani ya ukoo, lakini watoto wengi wa wazazi wenye vitiligo hawaipati.

Hajarogwa, wala hajakiuka masharti

Hapa tuseme wazi, kwa sababu maneno haya yanaumiza watu. Mfanyabiashara akipata mabaka, mtaani husemwa kwamba amevunja masharti ya mganga aliyempa utajiri. Binti akipata, inasemwa mkosi umeingia nyumbani, na posa inarudishwa. Katika mkoa wetu uvumi kuhusu ngozi si jambo dogo. Wazee wa Mbozi, Ileje na Tunduma wanaikumbuka miaka ya kuelekea na kuingia 2000, watu walipouawa na kuchunwa ngozi kwa imani za utajiri. Kila anayesambaza uzushi kuhusu ngozi ya mwenzake ajue anachezea moto gani.

Vijiweni bado wanasema Michael Jackson alijichubua tu. Mwaka 1993, akihojiwa na Oprah Winfrey, alieleza kuwa ana ugonjwa unaoharibu rangi ya ngozi yake. Uchunguzi wa mwili wake baada ya kifo, mwaka 2009, ulithibitisha kuwa ni vitiligo. Alifariki tarehe 25 Juni, na siku hiyo ndiyo sasa inaadhimishwa kama Siku ya Vitiligo Duniani.

Usichanganye na mengine

Ualbino mtu huzaliwa nao, na ni mwili mzima. Vitiligo humjia mtu baadaye, kwa mabaka. Mba huacha madoa yenye vumbi la magamba ukiyakwangua, na hutibika kwa dawa ya fangasi.

Ukoma ndio unaohitaji umakini. Baka la ukoma huwa limefifia rangi, si jeupe kabisa, na aghalabu limekufa ganzi. Mwambie mgonjwa afumbe macho, mguse katikati ya baka kwa ncha ya pamba au unyoya wa kuku, naye aonyeshe kwa kidole ulipomgusa. Asipohisi, nendeni kituo cha afya haraka. Dawa za ukoma hutolewa bure, na ukiwahi hakuna ulemavu. Lakini akihisi vizuri, msibaki nyumbani kwa hilo. Mtaalamu ndiye wa kuthibitisha.

Matibabu

Wahi. Baka changa huitikia dawa kuliko la miaka mingi, na uso huitikia kuliko vidole na nyayo. Anzia zahanati ya karibu. Ikibidi utapewa rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa pale Vwawa, au ya Kanda, Mbeya. Ziko dawa za kupaka zinazotuliza kinga ya mwili, na yako matibabu ya mwanga maalumu. Vyote vinahitaji miezi kadhaa ya uvumilivu, na rangi inaporudi huanza kama vidoti vidogo kuzunguka vinyweleo. Si kila mtu hupona kabisa. Mwambie daktari pia kama una uvimbe wa shingo, uchovu usioisha au unapungua uzito, kwa sababu tezi ya shingo huweza kushambuliwa na kinga hiyo hiyo.

Jua la mchana huunguza baka upesi: kofia pana, mikono mirefu, na mafuta ya kukinga jua kwa anayeweza kuyapata.

Mkorogo usiuguse. Krimu zenye zebaki na haidrokwinoni zimepigwa marufuku nchini, lakini bado zinapita njia za panya mpakani. Wapo wanaozipaka ili ngozi yote ifanane na baka. Zebaki huharibu figo. Krimu kali za steroidi zinazouzwa kiholela nazo huchakaza ngozi zikipakwa bila daktari.

Nyumbani na shuleni

Mtoto mwenye mabaka hasemi daima kuwa anataniwa. Utamwona anavaa sweta juani, anakataa kwenda kuogelea na wenzake, anakaa dawati la nyuma. Mzazi, nenda ukaongee na mwalimu kabla mtoto hajaanza kutoroka. Mwalimu, lieleze darasa kwa maneno mepesi kwamba rangi imetoka kwenye ngozi, na hakuna atakayeambukizwa kwa kucheza naye.

Nawe unayepita pale kwenye malori asubuhi, kaa unywe supu. Ukimaliza, pokea chenji yako mkononi mwake.