Mshahara wa Mseja na Mshahara wa Mwenye Jamaa

Zamani za utawala wa Kiingereza, matajiri walio wengi katika Kenya walipotaka kukata mshahara wa kibarua, walihesabu mahitaji ya mtu mmoja tu. Walimhesabia unga wake, maharagwe yake, kuni za kupikia, mafuta ya taa, sabuni, shati moja na suruali moja, basi. Mke na watoto hawakuwamo katika hesabu, ingawa vibarua wengi walikuwa nao. Sababu iliyotolewa ni kwamba mke wa kibarua yuko kwao katika rizavu, ana shamba, na watoto wanakula huko huko. Mume mwenyewe, walisema, amekuja mjini kwa muda tu, apate fedha ya kulipa kodi ya Serikali na kununua nguo, kisha atarudi kwao. Mshahara wa namna hiyo uliitwa mshahara wa mseja.

Yafaa kusema kwamba hoja hiyo haikuwa uongo mtupu. Katika miaka ya kwanza ya reli na mashamba makubwa, watu wengi walifanya kazi miezi michache, wakarudi kwao kulima. Lakini mambo hayakukaa vile. Watu waliongezeka katika rizavu wala ardhi haikuongezeka, na shamba lililomlisha baba likagawanywa kwa wana watatu au wanne. Kufikia miaka ya 1940 walikuwapo watu wengi katika Nairobi na Mombasa waliokaa mjini miaka kumi na zaidi, wala hawakuwa na mahali pa kurudi penye chakula cha kutosha. Hata hivyo mshahara ulikatwa kana kwamba bado ni wageni wa msimu mmoja. Kwa hesabu iliyo wazi, sehemu ya ujira wa kibarua wa bandarini ililipwa na jembe la mkewe, naye mke hakuandikwa katika daftari la mtu ye yote.

Wafanyakazi wenyewe walilisema jambo hili kabla ya wataalamu kuliandika. Mwaka wa 1939 kulikuwa na mgomo katika Mombasa, na fedha ya kulipia nyumba ilikuwa moja ya madai yao. Januari 1947 mji ule uligoma tena, safari hii karibu mji mzima, bandari na reli na hata watumishi wa majumbani. Serikali ikaweka baraza la kuamua chini ya Jaji Thacker, na mishahara ikapandishwa kidogo. Chege Kibachia, aliyekuwa kiongozi wa chama cha wafanyakazi wa Kiafrika, alikamatwa mwaka ule ule akapelekwa kukaa Baringo.

Halmashauri iliyokuja kulichunguza jambo hili kwa mizani ilikuwa ile ya Bwana F. W. Carpenter wa Idara ya Kazi, nayo ilitoa taarifa yake mwaka wa 1954. Mwaka ule haukuwa mwaka wa utulivu. Hali ya hatari ilikuwa imetangazwa tangu Oktoba 1952, na Aprili 1954 askari waliuzingira mji wa Nairobi, wakawakamata maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru, wakawapeleka kizuizini au wakawarudisha katika rizavu. Ni ajabu, lakini ndivyo ilivyokuwa, kwamba katika mwaka huo huo Serikali iliambiwa na halmashauri yake yenyewe kwamba mfanyakazi wa mjini ana haki ya kulalamika. Halmashauri ilisema kwamba karibu nusu ya wafanyakazi wa mijini walioajiriwa na watu binafsi na makampuni, na karibu robo ya wale wa Serikali na idara zake, walipata mshahara usiotosha mahitaji ya lazima ya afya, ya heshima, na ya nguvu za kufanyia kazi.

Msomaji atauliza, wataalamu hujuaje kwamba mshahara hautoshi? Kila mtu husema mshahara wake hautoshi, hata mwenye motokaa. Njia iliyotumika ilifuata ile ya Profesa Edward Batson wa Chuo Kikuu cha Cape Town, aliyekuwa amechunguza hali ya watu maskini katika Afrika Kusini. Kwanza huandikwa vitu ambavyo mtu hawezi kukaa bila hivyo akawa mzima, yaani chakula kwa uzito wake, nguo, moto na taa, sabuni na usafi. Kisha mchunguzi huenda sokoni na madukani na kuuliza bei, si bei iliyoandikwa ofisini bali ile anayotozwa mnunuzi. Hujumlisha, akaongeza kodi ya nyumba na nauli ya kwenda kazini. Jumla hiyo ndiyo mstari wa umaskini, na mtu aliye chini yake, hata awe na busara gani katika matumizi, hana budi kupunguza kitu. Mara nyingi hupunguza chakula, kwa maana mwenye nyumba hangoji.

Mstari huu ni mkali sana. Ndani yake hamna bia wala sigara. Wala hamna barua ya kwenda nyumbani, zawadi ya mama mkwe, sadaka, mchango wa mazishi, au karo ya shule. Anayeishi juu ya mstari huo kwa senti chache si mtu mwenye raha. Ni mtu ambaye hafi njaa.

Halmashauri ilipendekeza kwamba mshahara wa mtu mzima utengwe na ule wa kijana. Aliyetimiza miaka 21 ahesabiwe kuwa mwenye jamaa, na mshahara wake wa chini upandishwe hatua kwa hatua katika muda wa miaka kumi, hata ufike mara mbili na nusu ya mshahara wa mseja. Tuseme, kwa mfano wa hesabu tu, mseja anahitaji shilingi 60 kwa mwezi. Basi mwenye mke na watoto angehitaji shilingi 150. Tofauti hiyo ya shilingi 90 ndiyo iliyokuwa ikitoka shambani, au haikutoka po pote, watoto wakalala na njaa.

Habari ya nyumba iliambatana na habari ya mshahara kama kivuli na mtu. Sheria ilimtaka tajiri ampe mfanyakazi wake mahali pa kulala, au fedha ya kupanga. Lakini mahali pa kulala palikuwa pa mtu mmoja, sawasawa na mshahara, na mara nyingi palikuwa nafasi ya kitanda katika chumba cha watu wengine. Katika Nairobi zilikuwapo nyumba chache zilizojengwa kwa ajili ya jamaa, kama zile za Kaloleni za miaka ya 1940, lakini waliozitaka walikuwa wengi mno. Mke aliyekuja kumwona mumewe alilala wapi? Wengine walitoka nje usiku wampishe mwenzao, na jambo hilo halina heshima kwa mtu ye yote. Kwa hiyo kupandisha mshahara bila kujenga nyumba za jamaa kungempa mfanyakazi fedha ya kumleta mkewe mjini pasipo mlango wa kumwingiza.

Na shule vile vile. Taarifa ya Beecher ya mwaka wa 1949 ilikuwa imegawa masomo ya Waafrika katika vipindi vya miaka minne minne, na mwisho wa miaka minne ya kwanza palikuwa na mtihani uliowatoa watoto wengi. Baba mwenye mshahara wa mseja alilipa karo kwa kupunguza chakula chake mwenyewe. Mtoto asiposoma, naye akaja mjini kuwa kibarua asiye na ufundi, tajiri akasema huyu hastahili zaidi ya mshahara wa mseja. Halmashauri iliuona mzunguko huu. Mshahara mdogo humfanya mtu ahamehame, na anayehamahama hajifunzi kazi, na asiyejua kazi hupewa mshahara mdogo.

Serikali ilikubali msingi wa mshahara wa mtu mzima, ingawa haikukubali kila shauri lililotolewa. Mwaka uliofuata, Machi 1955, wafanyakazi wa bandari ya Mombasa waligoma, Tom Mboya akaja kuwasemea, na mishahara yao ikapandishwa. Mwaka ule ule wa 1955 Tume ya Kifalme ya Sir Hugh Dow, iliyozunguka Kenya, Uganda na Tanganyika, nayo Chifu Kidaha Makwaia wa Usukuma akiwa mjumbe wake wa pekee aliye Mwafrika, ilitoa taarifa yake. Tume hiyo ilitaka mipaka ya rangi na kabila katika ardhi iondolewe, na mtu aweze kumiliki shamba lake kwa jina lake.

Mishahara ya mijini ilipanda katika miaka iliyofuata. Lakini palitokea jambo ambalo mizani ya mwaka wa 1954 haikulipima. Matajiri walipolazimika kulipa zaidi, wengi walichagua wafanyakazi wachache walio hodari, wakawaacha wengine, na mambo ya siasa kabla ya uhuru yaliwafanya wengine wasite kuongeza mali zao. Walioajiriwa mwaka wa 1963 walikuwa wachache kuliko wale wa mwaka wa 1960. Serikali mpya iliwaita matajiri na vyama vya wafanyakazi mwaka wa 1964, wakapatana kwamba makampuni yaongeze watu kwa asilimia 10, Serikali kwa asilimia 15, na vyama visidai nyongeza ya mshahara kwa muda wa mwaka mmoja. Siku za kujiandikisha zilipofika, watu walikuja kwa wingi kupita nafasi zilizokuwapo.

Mwaka wa 1972 wataalamu wa Shirika la Kazi la Kimataifa walikuja Kenya kwa mwaliko wa Serikali. Walikuta kwamba shida kubwa haikuwa ya watu wasio na kazi tu, bali ya watu wafanyao kazi mchana kutwa na wasipate chakula cha kutosha, yaani mafundi wa bati na viatu, wachuuzi, washonaji, wauza chakula kando ya njia, wale walioitwa baadaye watu wa jua kali. Watu hao hawakuwa na tajiri wa kuwalipa mshahara wa mseja wala wa mwenye jamaa, na vibanda vyao vilikuwa vikibomolewa na askari wa mji. Wataalamu waliishauri Serikali iache kuvibomoa.