Rubarbe: kikonyo ni chakula, jani ni sumu

Wandugu wanafunzi, huku kwetu tunapika majani ya muhogo, ndiyo sombe, na kila mtu anafurahi. Lakini katika bustani za Uingereza kuko mmea mmoja, rubarbe, ambao mambo yake ni kinyume: wanakula kikonyo kinachobeba jani, lakini jani lenyewe liko na sumu, asidi ya oksaliki. Wakati wa vita, mwaka 1917, chakula kilipopungua, watu walishauriwa kula hata majani. Wengine waligonjwa, hata kifo kilitokea.

Tuangalie sasa namna wanavyoulima. Mmea huu unapenda baridi. Wanapanda kipande cha kisiki chenye mizizi na chipukizi, katika udongo wenye samadi mingi. Mwaka wa kwanza hawavuni hata kikonyo kimoja, ili mizizi ipate nguvu (hapo ndipo sisi tungeshindwa!). Mwaka wa pili wanavuna kidogo tu. Hawakati na kisu: wanashika kikonyo chini kabisa, wanakizungusha na kukivuta, sababu kipande kinachobaki kinaweza kuoza. Wanaacha karibu nusu ya vikonyo, na mwezi wa saba mavuno yanaisha.

Vikonyo ni vikali kama ndimu, kwa hiyo vinapikwa na sukari mingi. Majani wanayatupa kwenye shimo la mbolea. Yakiisha kuoza, sumu yao inaisha vilevile.