Elf Milioni Moja kwa Karata za Senti Ishirini

Ijumaa iliyopita, saa nne kasoro usiku, nilimwambia mpinzani wangu maneno niliyoyasubiri kwa miezi minne: "Milioni moja." Akaitazama meza, akazitazama karata zilizobaki mkononi mwake, akahesabu ardhi zake, zote zimelala. Kisha akaninyooshea mkono. Nilitembea kutoka pale dukani hadi kituo cha treni, mvua ya Hamburg ikininyeshea njia nzima, wala sikuhisi baridi.

Watu watatu wameniomba niandike jinsi ya kuunda jozi ya karata kama ile, hatua kwa hatua. Naongelea Magic: The Gathering, mchezo wa karata za kukusanya aliobuni Richard Garfield, ukatoka Marekani mwaka 1993. Kanuni za msingi sizielezi. Kama hujui mana ni nini, kaa nusu saa na mtu anayecheza. Utaelewa upesi kuliko kwa kusoma. Shika jambo moja tu: karata ikitumika unailaza ubavu, na zamu yako ikianza unazisimamisha zote. Yote yanayofuata yanategemea nani amelala na nani amesimama.

Neno lenyewe ni kombo. Ni karata mbili au tatu ambazo kila moja peke yake ni ya kawaida, lakini zikikutana mezani hufanya jambo lisilo na kikomo. Kwetu mambo yakienda kombo yameharibika, na kwa anayeketi upande wa pili wa meza maana ni ileile.

Hatua ya kwanza ni kuchagua karata zako mbili, na hapa ushauri wangu ni mfupi: chagua unazozipenda, si zile zinazoshinda mashindano. Kuna kombo zinazommaliza mtu zamu ya pili kabla hajaweka kiumbe hata kimoja. Nimeshachezewa hizo na sikufurahi, na naamini hata aliyezicheza hakufurahi. Kombo ya kufurahisha inampa mwenzako nafasi ya kuiona inakuja.

Yangu ina Midnight Guard na Presence of Gond. Ya kwanza ni mlinzi wa usiku: mana tatu, nguvu 2, uhai 3, na kila kiumbe kingine kinapoingia mezani, yeye husimama. Ya pili ni Aura, nami huiita hirizi: mana tatu, unamvika kiumbe, na aliyevaa anaweza kulala ili alete Elf mmoja mdogo wa 1/1. Sasa mvike mlinzi. Analala, Elf anaingia. Elf ameingia, mlinzi anasimama. Amesimama, analala tena. Hakuna mwisho hadi wewe mwenyewe useme basi. Presence of Gond ilichapwa mwaka 2008 katika toleo la Shadowmoor, Midnight Guard mwaka 2012 katika Dark Ascension. Miaka minne inazitenganisha, na zote mbili ni za daraja la chini kabisa la uadimu. Ukizikuta kwenye boksi la karata zilizotupwa kando utazipita bila kugeuka. Hicho ndicho kilichonivuta.

Kwa kuwa ni za daraja hilo, zinaruhusiwa kwenye Pauper, mtindo wa kucheza kwa karata za kawaida tu, ambao Wizards of the Coast, kampuni inayochapisha Magic, iliurasimisha mezani mwaka 2019. Mtu mwenye mshahara mdogo anakaa mbele ya mwenye mshahara mkubwa na wote wana karata za thamani moja. Naupenda mno mtindo huu.

Hatua ya pili ni kununua. Usinunue pakiti zilizofungwa ukitafuta karata fulani. Hiyo ni bahati nasibu. Nunua moja moja kwa wauzaji wa mtandaoni, na uwachague vizuri, kwa sababu mimi sikumchagua vizuri wa kwanza. Niliagiza Presence of Gond nne kwa senti ishirini kila moja. Baada ya siku tisa ikaja bahasha nyembamba, karata zimerushwa ndani bila kipande cha kadibodi, zimepinda kama chapati. Nikazihesabu: tatu. Nikamwandikia kwa adabu. Akanijibu kwamba karata za senti ishirini hazina haja ya kulindwa, na kuhusu ile ya nne akanyamaza. Bado nina hasira naye. Anayelinda karata ya euro hamsini na kuitupa ya senti ishirini anauza bei, hauzi karata.

Ya nne niliipata kwa mama mmoja anayeuza kutoka Italia. Ilikuja ndani ya mfuko wake wa plastiki, katikati ya kadibodi mbili zilizobanwa kwa utepe, pembe moja ya utepe imekunjwa ili nisihangaike kuibandua. Juu ameandika kwa kalamu ya bluu, akinitakia ushindi. Imechapwa kwa Kiitaliano, na hadi leo ndiyo ninayofurahi zaidi nikiivuta. Tangu hapo, kabla ya kuagiza chochote kwa muuzaji, nasoma kwanza wanunuzi wa karata za senti wanasema nini juu yake.

Karata nyingine nazitaja haraka, nne nne: Commune with the Gods, inayofunua karata tano za juu ukachukua kiumbe au hirizi, yaani nusu yoyote ya kombo, Heliod's Pilgrim, anayekutafutia hirizi kwenye jozi, Llanowar Elves na Elvish Mystic kwa mana ya mapema, Soul Warden, anayekupa uhai mmoja kila kiumbe kinapoingia, Abundant Growth, Vines of Vastwood. Ongeza Journey to Nowhere tatu na ardhi 21 za kijani na nyeupe. Ukichanganya na zile nane za kombo, zimetimia 60. Kuna walionisihi niongeze nyekundu ili niweke Impact Tremors, inayomchoma mpinzani kwa kila kiumbe unachokiingiza. Nilijaribu wiki tatu. Rangi tatu zilinifanya nikae na karata nzuri mkononi bila mana ya kuzilipia. Nikaitoa, sijaijutia.

Hatua ya tatu ni kuitumia, na hapa ndipo nilipopoteza miezi minne.

Huyu niliyemshinda Ijumaa hucheza jozi ya nyekundu iliyojaa Lightning Bolt, yaani radi: mana moja, madhara matatu, na mlinzi wangu ana uhai 3. Mara ya kwanza tulipokutana nilimweka mlinzi, zamu iliyofuata nikamvika hirizi. Kabla hirizi haijatua, akarusha radi. Mlinzi akafa, na hirizi iliyokosa wa kuivaa ikaenda kaburini naye. Karata zangu mbili kwa yake moja, mana sita kwa mana moja. Mara ya pili nikasubiri hadi alipolaza ardhi zake zote, nikamvika mlinzi salama, nikashukuru Mungu. Zamu yangu iliyofuata nikaanza mzunguko kwa pupa: nikamlaza mlinzi ili alete Elf wa kwanza. Jamaa akarusha radi wakati huohuo. Nikapata Elf mmoja, yule wa kwanza, na hapakuwa na mlinzi wa kumleta wa pili.

Usiku ule nililala saa nane. Nilimlaza na kumsimamisha mlinzi kwenye meza ya jikoni hadi nikaliona. Mlinzi aliyelala hawezi kulala tena. Ukianza wewe, kuna kitambo kidogo ambapo amelala, Elf bado yuko njiani, na radi ikipiga hapo huna jibu. Lakini akianza yeye, mambo yanageuka. Mambo yasiyotua bado hupangwa kama sahani, la juu hutoka kwanza. Akirusha radi mlinzi akiwa amesimama, radi imekaa chini na wewe unaweka juu yake: lala, Elf, simama, lala, Elf, simama, mara nyingi upendavyo, radi ikingoja chini ya rundo. Itamuua mlinzi mwishowe, sawa. Jeshi limeshaingia.

Kwa hiyo ukishamvika, acha. Usimguse. Sema "zamu yako" na ukae kimya.

Babu yangu alicheza bao la kiswahili Pangani, na kete zake zilipoishia kwenye nyumba alikuwa na hiari ya kulala pale au kuivunja na kuendelea kusambaza. Vijana wote tuliivunja. Babu alilala, akasubiri, na ilipofika jioni karibu kila mara alikuwa ameshinda. Miaka ishirini baadaye, kwenye meza ya Wajerumani, nikaelewa alikuwa akifanya nini.

Kusubiri kuna faida ya pili. Kiumbe kipya ni mgeni, hakiwezi kushambulia zamu kiliyoingia. Elf wakiingia wakati wa zamu ya mpinzani, zamu yako ikianza ugeni umekwisha na wote wanashambulia. Wakiingia zamu yako, umempa zamu nzima ya kutafuta kitu kama Crypt Rats cha kuwafyeka wote pamoja na mlinzi. Asiporusha chochote, basi anza mwisho kabisa wa zamu yake, akiwa amelaza ardhi au wewe ukiwa na Vines of Vastwood mkononi.

Ijumaa tulikuwa moja kwa moja, mchezo wa tatu. Mlinzi yuko mezani, nina ardhi nne. Nikaweka hirizi, ile ya Kiitaliano. Akarusha radi. Nikalaza ardhi ya nne kwa Vines of Vastwood: zamu hiyo hakuna uchawi wake unaoweza kumlenga mlinzi wangu. Radi ikapotea, hirizi ikatua. Mikono ilinitetemeka kwa hamu ya kumlaza. Nikasema, "Zamu yako." Akaniangalia kama mtu aliyeona mwenzake amesahau. Akalaza ardhi tatu kwa kiumbe, akashambulia kwa wale wa zamani, sikuzuia. Kisha ardhi ya mwisho: radi, kwa mlinzi. Nikaweka kiganja mezani. "Kabla haijatua," nikamwambia.

Kanuni zinakutaka utaje idadi. Huwezi kusema bila kikomo. (Kwenye Magic Online inabidi ubofye kila Elf huku saa yako inakatika, ndiyo maana kombo hii nakushauri uicheze mezani.) Huwa ninatumia komwe za lile bao la babu kuwahesabu Elf, nina kumi na mbili kwenye kifuko. Nikatoa moja, nikaiweka katikati ya meza, nikaandika kwenye karatasi ya alama 1,000,000. Radi ikamuua mlinzi. Zamu yangu ikaanza.

Baada ya kupeana mikono akaiomba ile hirizi aishike. Akaigeuza, akajaribu kuisoma, akauliza zinapatikana wapi. Nikachana pembe ya karatasi ya alama, nikamwandikia jina la duka la yule mama wa Italia, chini ya ile milioni.