Mzigo Uko Kariakoo, Wewe Uko Gorong'a: Nunua Mtandaoni Bila Kulizwa

Umeona viatu Instagram. Duka liko Kariakoo, Dar, wewe uko Gorong'a, huku Tarime karibu na mpaka wa Kenya, na kati yenu kuna zaidi ya kilomita elfu moja. Unaweza kuvipata bila kupanda basi, na bila kulizwa. Siri ni kuichelewesha pesa yako kadiri unavyoweza.

Anza na muuzaji, bei baadaye. Shuka ukurasa wake mpaka chini kabisa. Ukurasa wa miaka mitatu, wenye wateja wanaolalamika na kujibiwa, ni bora kuliko wa mwezi jana wenye wafuasi elfu hamsini. Kama amefunga sehemu ya maoni, ondoka.

Halafu mpigie simu ya video. Mwombe akuonyeshe bidhaa ileile, akiwa dukani, muda huohuo. Mwenye mzigo hahitaji hata dakika mbili. Asiye nao atakwambia bando limeisha.

Jina kubwa lisikudanganye. Jumia, kwa mfano, ilifunga shughuli zake Tanzania Novemba 2019. Ukikutana na tangazo la "Jumia Tanzania" lenye simu za nusu bei, lipite tu.

Sasa njia ninayoiamini kuliko zote: tumia mtu wako. Karibu kila familia huku ina kijana Dar au Mwanza. Mwombe apite dukani, ashike bidhaa, aikague, alipe palepale, kisha aipeleke mwenyewe ofisi ya basi. Mpe nauli ya daladala na hela ya soda. Hiyo ndiyo bima ya bei rahisi kuliko zote.

Huna mtu? Basi mara ya kwanza nunua kitu kidogo ambacho hata kikipotea hutakosa usingizi. Muuzaji akikupa risiti ya mzigo ya basi, isome vizuri: jina la kampuni, namba ya gari, jina lako, simu yako na mwisho wa safari. Kisha nenda ofisi ya basi hilo Tarime au Mugumu ukaulize kama mzigo umeandikishwa. Usipige namba aliyokupa muuzaji. Mimi niliwahi kupiga namba ya aina hiyo. Aliyepokea "ofisini" alikuwa mwenzake muuzaji. Pesa ile haikurudi.

Kwenye malipo, Lipa Namba ni salama kuliko kutuma kwa namba ya mtu. Kabla hujaweka namba ya siri, jina la mpokeaji linatokea. Lisome. Kama duka linaitwa hivi na jina linalotokea ni la mtu mwingine kabisa, simama hapohapo. "Tuma kwa namba ya mdogo wangu, yangu ina shida" ni sababu tosha ya kuacha. Namba ya siri ni yako peke yako. Hakuna muuzaji, wakala wala mhudumu wa mtandao anayeihitaji.

Hifadhi kila kitu: mazungumzo ya WhatsApp, picha ya bidhaa, ujumbe wa muamala. Usifute chochote mpaka mzigo uwe mkononi na unafanya kazi.

Nguo na viatu vinakosewa sana kwa sababu ya saizi. Pima mguu wako kwa rula, kisigino hadi kidole kirefu, umtumie muuzaji sentimita. Namba 42 ya kiwanda kimoja inaweza kuwa 41 ya kingine.

Mzigo ukifika, nenda na kitambulisho na uufungulie palepale ofisini, mhudumu akiona. Mwambie mwenzako arekodi video tangu gundi haijakatwa. Kama ni simu, iwashe, bonyeza *#06#, kisha tuma namba ya IMEI kwenda 15090. Utajibiwa ni simu ya aina gani. Jibu lisipolingana na ulichoshika, mpigie muuzaji kabla hujatoka pale.

Huenda bei ya Nairobi imekuvutia. Sisi wa mpakani hilo ni la kawaida. Badili kwanza shilingi ya Kenya uone bei halisi, ongeza usafiri hadi Isebania, upande wa Kenya wa mpaka, kisha ongeza ushuru. Bidhaa zilizotengenezwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, zisizozidi dola 2,000, zina utaratibu rahisi wa cheti cha uasili pale mpakani. Simu ya China haimo kwenye utaratibu huo, hata kama umeinunua Nairobi. Pitia forodha ya Sirari, upande wetu. Njia ya panya inaweza kukunyang'anya mzigo wote.

Ikitokea umetapeliwa, usikae na aibu. Piga 100 papo hapo, uombe mtandao wako uzuie muamala. Pesa ikishatolewa kwa wakala, kuirudisha ni kazi ngumu. Tuma namba ya tapeli kwenda 15040, ni bure. Kisha nenda polisi na ule ushahidi ulioutunza. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao tangu 2015, na utapeli wa aina hii umo.

Ihifadhi 15040 kwenye simu yako sasa hivi, kabla hujafungua ukurasa wa duka lolote.