SOMO: KADI YA CHAKULA YA MAREKANI – NANI ANASTAHILI SASA?



Familia nyingi hapa Dzaleka zina mtu wao Marekani. Ni dada, ni mtoto wa kaka, au ni jirani wa zamani aliyepandia ndege Lilongwe baada ya kungoja miaka mingi. Huenda wewe pia umepata habari kutoka kwake kwamba kadi yake ya chakula imefungwa. Usifikiri mara moja kwamba amefanya kosa, au kwamba anatafuta sababu ya kutotuma fedha. Sheria imebadilika. Soma somo hili pole pole, kisha umweleze na mwenzako, hasa yule mwenye ndugu huko.

1. Msaada huu ni nini?

Katika msaada huu Serikali ya Marekani haigawi unga wala maharage. Mtu mwenye kipato kidogo hupewa kadi inayowekewa fedha kila mwezi, na fedha hizo hununua chakula tu. Zamani zilikuwa karatasi, ndiyo maana watu bado wanaziita stempu za chakula. Tangu mwaka 2008 jina rasmi la mpango huo ni SNAP. Sheria hutungwa na Bunge la nchi nzima, lakini maombi hupokelewa na ofisi ya jimbo analoishi mtu.

2. Sheria ilikuwaje?

Mabadiliko ya namna hii si ya kwanza. Tarehe 22 Agosti 1996 Rais Clinton alitia sahihi sheria iliyowaondoa wageni wengi katika stempu za chakula, hata wale wenye ukazi halali. Wakimbizi waliachwa waendelee, lakini kwa miaka 5 tu. Mwaka 1998 muda huo uliongezwa kuwa miaka 7, na baadhi ya watoto, wazee na walemavu walirudishiwa haki. Mwaka 2002 sheria nyingine iliwarudishia watoto wenye ukazi halali bila kungoja, na watu wazima waliokwisha kukaa miaka 5 na ukazi halali.

Katika miaka yote hiyo mkimbizi aliyepokelewa rasmi aliweza kuomba chakula tangu siku za kwanza. Ndugu zetu walioondoka hapa kabla ya mwaka 2025 walifundishwa hivyo, na wakati huo ilikuwa kweli.

3. Nini kilibadilika mwaka 2025?

Tarehe 4 Julai 2025 Rais Trump alitia sahihi sheria kubwa ya kodi na matumizi. Ndani yake mna kifungu kinachotaja upya watu wanaostahili kadi ya chakula. Waliobaki ni hawa:

(a) raia wa Marekani;
(b) wakazi wa kudumu, yaani wenye grini kadi;
(c) watu fulani kutoka Cuba na Haiti;
(d) raia wa nchi tatu za visiwa vya Pasifiki zenye mkataba maalumu na Marekani.

Mkimbizi hatajwi tena. Wala aliyepewa hifadhi baada ya kuomba akiwa huko huko hatajwi. Ofisi ya Bajeti ya Bunge la Marekani ilikadiria kuwa watu wapatao 90,000 watakosa msaada huu katika mwezi wa kawaida.

Aliyekuwa akipokea tayari hakuondolewa siku ile ile. Huondolewa wakati wa uhakiki wake. Ndiyo sababu katika mji mmoja familia moja ilifungiwa mapema na nyingine baadaye, bila moja kuwa na kosa kuliko nyingine.

Ibara ya 23 ya Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 inataka mkimbizi aliye nchini kihalali apewe msaada wa umma sawa na raia. Marekani ilijifunga na ibara hiyo ilipoingia katika Itifaki ya 1967, mwaka 1968. Lakini karani wa ofisi ya chakula hufuata sheria ya Bunge lake, na kugombana naye dirishani hakutasaidia.

4. Tuchukue mfano

Mama mmoja ameondoka Dzaleka na watoto wawili. Anafika Marekani Novemba 2024 na kupata kadi ya chakula. Mwaka 2025 anajifungua mtoto wa tatu. Uhakiki unafika Desemba 2025. Mama na watoto wawili waliozaliwa Afrika wanaondolewa. Mtoto aliyezaliwa Marekani ni raia, kwa hiyo yeye anaendelea kustahili, ingawa kipato cha mama yake bado huangaliwa. Fedha iliyokuwa ya watu wanne sasa ni ya mtu mmoja, lakini vinywa vya kulishwa ni vinne.

Hata hivyo mlango haukufungwa kabisa. Sheria ya Marekani inamtaka mkimbizi aombe grini kadi baada ya kukaa nchini mwaka 1. Mama huyu angeweza kuomba tangu Novemba 2025. Kuomba peke yake hakurudishi chakula. Ni lazima apate ukazi wenyewe, na jibu laweza kuchukua miezi mingi. Lakini akishaupata, hangoji tena miaka 5 kama wageni wengine, maana aliingia kama mkimbizi. Hapa watu wengi wanapotoshwa.

5. Mwambie ndugu yako haya

– Kama umetimiza mwaka 1, omba grini kadi mara moja. Kila mwezi wa kuchelewa ni mwezi wa kununua chakula chote kwa mshahara wako.
– Kama una grini kadi tayari na umekataliwa kwa sababu uliingia kama mkimbizi, omba jibu kwa maandishi, na uombe shauri lako lisikilizwe upya.
– Usiache kumwombea mtoto aliye raia eti kwa sababu wewe hustahili.
– Chakula cha watoto shuleni, na mpango wa WIC wa wajawazito na watoto wadogo, havikuguswa na kifungu hiki. Mkimbizi bado anaweza kuomba.
– Usiseme uongo juu ya karatasi yako ili upate kadi. Uongo huo waweza kuharibu ombi lako la ukazi.

6. Na sisi tulioko hapa

Kambi hii ilifunguliwa mwaka 1994, mahali palipokuwa gereza, kwa ajili ya watu 10,000 hadi 12,000. Leo tumepita 50,000. Mwaka 2023 waliokuwa wakiishi na kufanya biashara Lilongwe na miji mingine waliamriwa kurudi Dzaleka, na wengi waliacha maduka yao. Mgao wetu hutoka WFP, nao umepunguzwa zaidi ya mara moja kwa sababu fedha za wafadhili hazikutosha. Basi fedha ya ndugu aliye ng'ambo imekuwa nguzo ya nyumba nyingi.

Kwa hiyo tunakuomba mambo matatu. Kwanza, kama ndugu yako amepunguza anachotuma, mwulize hali yake kabla ya kumlaumu. Huenda fedha uliyokuwa ukiipata wewe ndiyo sasa inawanunulia watoto wake chakula. Pili, kama una kesi ya kwenda Marekani, usiuze vitu vyako kwa kusikia maneno ya watu. Amri ya tarehe 20 Januari 2025 ilisimamisha upokeaji wa wakimbizi huko, na waliopokelewa baada ya hapo ni wachache sana. Tatu, mtu akikuomba fedha ili aharakishe kesi yako au afungue kadi ya ndugu yako, huyo ni mwizi. Toa taarifa.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kwa nini familia mbili za wakimbizi katika mji mmoja ziliondolewa kwenye msaada kwa nyakati tofauti?
2. Katika mfano wa mama yule, nani bado anastahili, na kwa nini?
3. Kuna tofauti gani kati ya kuomba grini kadi na kuipata?
4. Nyumba yako itapangaje matumizi iwapo fedha ya ng'ambo haitafika kwa miezi 6?

Ukimaliza kusoma, mpe jirani yako naye asome. Asiyejua kusoma, msomee.