Nia, Kujiamini na Mwili wa Mwanariadha: Somo kutoka Ng'ambo ya Ruvubu

Katika shule za sekondari za Ngara na Biharamulo, kama zilivyo shule nyingi nchini, wanafunzi hutembea mwendo mrefu kila siku, wakipanda na kushuka vilima. Siku ya michezo ifikapo, husikika kauli mbili zinazopingana. Ya kwanza husema kwamba bingwa huzaliwa, hivyo asiyejaliwa mwili wa mbio hana la kufanya. Ya pili husema kwamba mwenye nia hashindwi na jambo. Kauli zote mbili zina chembe ya ukweli, lakini hakuna iliyo kamili. Makala haya yanachunguza nia na kujiamini kwa macho ya sayansi, kwa kutumia mfano wa bingwa aliyetoka nchi inayopakana na Ngara.

Mbio za Atlanta

Mto Ruvubu huteremka kutoka Burundi na kuungana na Kagera karibu na maporomoko ya Rusumo. Watu wa kando zake hizi mbili wana mengi ya pamoja, na Kihangaza cha Ngara hufanana sana na Kirundi. Venuste Niyongabo alizaliwa Vugizo, kusini mwa Burundi, mwaka 1973. Hadi kufikia mwaka 1995 alikuwa mmoja wa wakimbiaji hodari wa mita 1,500 duniani, na mwaka huo alipata medali ya shaba katika mashindano ya ubingwa wa dunia mjini Göteborg, Sweden.

Mwaka 1996 Burundi ilishiriki Michezo ya Olimpiki kwa mara ya kwanza. Miongoni mwa waliokwenda Atlanta, Marekani, alikuwamo Dieudonné Kwizera, mkimbiaji ambaye alikuwa ameikosa Michezo ya mwaka 1988 na ya mwaka 1992 kwa sababu nchi yake haikuwa na kamati ya Olimpiki iliyotambuliwa. Niyongabo alimwachia Kwizera nafasi yake ya mita 1,500, mbio aliyoizoea na ambayo wengi walimtarajia kupata medali. Yeye mwenyewe akaingia mita 5,000, umbali aliokuwa ameukimbia katika mashindano mara mbili tu. Kwizera hakuvuka hatua ya mchujo, lakini alikimbia akiwa amevaa rangi za taifa lake.

Wakati huo Burundi ilikuwa vitani tangu mwaka 1993. Maelfu ya Warundi walikuwa wamevuka mpaka, na kambi ya Lukole wilayani Ngara ilikuwa miongoni mwa makimbilio yao. Tarehe 25 Julai 1996, Michezo ikiwa imekwisha kuanza, serikali ilipinduliwa mjini Bujumbura. Siku tisa baadaye, tarehe 3 Agosti, Niyongabo alisimama kwenye mstari wa kuanzia fainali. Katika mzunguko wa mwisho alichomoka na kumaliza wa kwanza kwa dakika 13 na sekunde 7.96. Paul Bitok wa Kenya alimfuata kwa dakika 13 na sekunde 8.16. Hadi kumalizika kwa Michezo ya Paris ya mwaka 2024, hiyo ndiyo medali pekee ya dhahabu ya Olimpiki iliyopatikana na Burundi.

Hesabu za ushindi

Mwanafunzi wa fizikia aweza kuzichunguza mbio hizo kwa kanuni rahisi: mwendo ni umbali kugawanywa kwa muda. Dakika 13 na sekunde 7.96 ni sawa na sekunde 787.96. Mita 5,000 zikigawanywa kwa sekunde hizo, hupatikana wastani wa mita 6.35 hivi kwa sekunde. Tofauti kati ya mshindi na aliyemfuata ilikuwa sekunde 0.20. Kwa wastani huo wa mwendo, tofauti hiyo ni kama mita 1.27, yaani umbali usiozidi hatua moja ya mkimbiaji baada ya safari ya kilomita tano.

Je, kuacha mbio aliyoizoea kulikuwa kubahatisha? Tuyatazame mambo mawili. Mwaka 1997 Niyongabo alikimbia mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 29.18, ambayo ni wastani wa sekunde 55.8 hivi kwa kila mzunguko wa mita 400. Kule Atlanta, mita 5,000 zilimtaka wastani wa sekunde 63 kwa mzunguko. Kwa hiyo mtu wa aina yake alikuwa na akiba kubwa ya kasi. Swali lilikuwa kama pumzi yake ingedumu hadi mzunguko wa mwisho, ambapo akiba hiyo ingetumika. Kujiamini kwake kulikuwa na msingi, ingawa matokeo hayakuwa na hakika.

Kazi ya mwili

Msuli hupata nguvu kwa njia mbili kubwa. Njia ya kwanza hutumia oksijeni kuunguza sukari na mafuta. Ni ya polepole lakini hudumu. Ya pili huvunja sukari bila oksijeni. Ni ya haraka lakini huchosha upesi. Katika mita 5,000, zaidi ya asilimia 90 ya nguvu hutokana na njia ya kwanza. Katika mita 1,500 sehemu hiyo hupungua, na njia ya pili huchangia zaidi.

Mazoezi ya muda mrefu huufanya moyo usukume damu nyingi zaidi kwa kila pigo. Mtu aliyepumzika husukuma kiasi cha lita 5 za damu kwa dakika, lakini mwanariadha hodari aweza kupita lita 30 anapokimbia kwa nguvu zake zote. Mishipa midogo ndani ya misuli huongezeka, na vivyo hivyo viungo vidogo vya chembehai vinavyotumia oksijeni.

Wengi hudhani kwamba vilima peke yake huleta ushindi. Ni kweli kwamba kadiri mtu apandavyo juu, ndivyo kanieneo ya hewa ipunguavyo, na mwili uishio mahali pa juu sana huongeza chembechembe nyekundu za damu. Kupanda vilima vya Ngara kwa miguu nako huimarisha misuli na moyo. Hata hivyo, maelfu ya watu huishi milimani na ni wachache mno wawao mabingwa. Maumbile na mazingira hutoa uwezekano; mazoezi ndiyo huugeuza uwezekano huo kuwa uwezo.

Kazi ya akili

Mwaka 2009 Samuele Marcora na wenzake wa Chuo Kikuu cha Bangor, Wales, walitangaza matokeo ya jaribio lililofanywa kwa watu 16. Kila mmoja aliendesha baiskeli ya mazoezi hadi akashindwa kuendelea, mara moja baada ya dakika 90 za kazi ngumu ya akili, na mara nyingine baada ya muda kama huo wa kutazama filamu. Waliochoka akili waliacha mapema zaidi, ingawa moyo na mapafu havikuonyesha tofauti ya kueleza jambo hilo. Kilichobadilika ni jinsi walivyoihisi kazi: waliiona nzito zaidi. Hapo pana fundisho kwamba mara nyingi mtu huacha kabla mwili haujafikia mwisho wake, na kwamba hisia ya uzito wa kazi ni sehemu ya mashindano.

Juu ya kujiamini, mwanasaikolojia Albert Bandura wa Chuo Kikuu cha Stanford alieleza mwaka 1977 kwamba imani ya mtu juu ya uwezo wake wa kutenda jambo fulani huchota katika visima vinne. Cha kwanza, chenye nguvu kuliko vyote, ni mafanikio yake mwenyewe ya awali. Cha pili ni kumwona mtu wa hali kama yake akifaulu. Cha tatu ni maneno ya kutia moyo kutoka kwa watu anaowaamini. Cha nne ni namna anavyozitafsiri hali za mwili wake: moyo unaodunda kabla ya mbio waweza kuitwa woga, na pia waweza kuitwa utayari.

Mwalimu ataona kwamba sifa tupu ni kisima dhaifu. Mwanafunzi anayeambiwa kila siku kwamba yeye ni bingwa, bila kupewa kazi anayoweza kuifaulu, huvunjika moyo siku ya kwanza ya kushindwa. Lakini anayepewa lengo dogo, akalifikia, kisha akapewa kubwa kidogo, hujenga imani yenye ushahidi. Kanuni hiyo hufaa katika hisabati sawasawa na uwanjani.

Jaribio la darasa

Wanafunzi wagawanywe wawili wawili. Kila mmoja ahesabu mapigo ya moyo wake akiwa amepumzika, kwa sekunde 15, kisha azidishe kwa 4. Halafu aandike muda anaotumaini kutumia katika mita 1,000. Baada ya kukimbia, mwenzake aandike muda halisi, mapigo mara tu baada ya kumaliza, na mapigo baada ya dakika 3. Zoezi lirudiwe mara moja kila juma kwa majuma 6, pamoja na mazoezi mepesi siku tatu za juma. Mwenye pumu, seli mundu, homa au maradhi ya moyo asikimbie. Awe mtunza saa na mwandishi wa takwimu.

Mwishoni kila mwanafunzi achore grafu mbili: ya muda halisi na ya muda alioutumaini. Aghalabu mistari hiyo itakaribiana kadiri majuma yapitavyo, kwa maana mtu huzidi kuujua uwezo wake. Asijilinganishe na wa kwanza darasani, bali na nafsi yake ya juma lililopita.

Maswali

1. Kokotoa wastani wa mwendo wa Paul Bitok katika fainali ya mwaka 1996.
2. Kwa nini mkimbiaji wa mita 1,500 aweza kuwa hatari katika mzunguko wa mwisho wa mita 5,000?
3. Taja visima vinne vya kujiamini, na utoe mfano wa kila kimoja kutoka maisha ya shuleni kwako.
4. Niyongabo alitoa nafasi yake kabla ya kujua kama angeshinda. Jadilini: je, nia ya bingwa hupimwa kwa medali peke yake?