SOMO LA AFYA: Mate ni mlinzi wa kinywa

Kwa siku moja kinywa cha mtu mzima hutoa mate nusu lita hadi lita 1.5. Mate huanza kumeng'enya ugali tungali tunatafuna. Ndiyo maana tukiutafuna sana huwa mtamu. Pia huosha meno na kupunguza asidi inayoyatoboa. Usiku mate hupungua mno, kwa hiyo tupige mswaki kabla ya kulala, kisha tusile tena.

Tuwaangalie na watoto. Mtoto anayeharisha, kinywa kikikauka na akalia bila machozi, amepungukiwa maji mwilini. Tumpe ORS kidogo kidogo, anayenyonya aendelee kunyonya, na tumpeleke zahanati mara moja. Tusingoje kesho.